Wimbo Usiokuwa na Nje

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuimba, na kwa miaka hiyo yote jina langu lilikaa katika daftari moja na wafyeka nyasi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wafyeka nyasi, maana nilifyeka nao. Kikundi cha utamaduni cha wilaya kilikuwa na watu kumi na mmoja, na pasipokuwa na mgeni wa kuchezewa ngoma tuligawiwa mafyekeo tukasafishe kuzunguka ofisi mpaka sauti zetu zitakapohitajika tena. Mwisho wa mwezi tulipanga foleni dirishani, tukatia saini, na karani akamuuliza kila mmoja, "Mwezi ujao upo?" Utadhani sisi ndio tuliokuwa tunaamua.

Mama yangu, mjane, alikuwa analima mtama na uwele huko Mtinko, kijijini kwetu Singida, na kazi hii hakuielewa kabisa. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza swali lile lile.

"Wanakulipa uimbe?"

"Ndiyo, mama."

"Na siku ukiwa na mafua?"

Nilikuwa nacheka. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu mchezaji mwenzetu mmoja aliugua homa wiki mbili, aliporudi akakuta jina lake limekatwa kwa rula na kalamu nyekundu. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri sana. Alisimama pale dirishani akiutazama, halafu akauliza kama anaweza angalau kufyeka, naye karani akamwambia mafyekeo yote yana watu.

Aliyetuongoza alikuwa afisa mmoja tuliyemwita Bwana Utamaduni. Alitoka mbali, alikuwa hajui hata neno moja la Kinyaturu, lugha ya kwetu, lakini alikuwa na bidii na hakuwa mtu mbaya. Nasema hakuwa mtu mbaya kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta mtu wa kumlaumu, na kila nikimfikia yeye naona hatoshi. Asubuhi alikuwa ananiletea kikaratasi chenye neno la siku hiyo. Vyoo. Pamba. Kisomo cha watu wazima. Saa kumi jioni alitaka kusikia wimbo. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha na kutunga, wenzangu waliitikia na kucheza, na mzee mmoja wa Kiomboi alipiga ngoma.

Siri yangu ya kutunga ilikuwa ndogo. Nilichukua tuni za nyumbani, nikaondoa maneno yake, nikaweka ya ofisi. Wimbo wa kupura mtama ukawa wa pamba. Wimbo wa harusi ukawa wa kumkaribisha mkuu wa wilaya. Wimbo tuliokuwa tunauimba wasichana wakati wa kuteka maji ukawa wa vyoo, na watu wa kwetu waliposikia walicheka mpaka machozi, mimi nikadhani wamefurahi. Lakini tuni za nyumbani si kisima kisichokauka. Mwaka wa nne nilikuwa nimeshazitumia karibu zote, nyingine mara mbili, na Bwana Utamaduni alianza kunitazama kwa jicho la kutafuta mtu mwingine.

Siku moja alituita ukumbini, akafunga mlango. Alisema anakuja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, na wilaya nyingine zote zimeandaa vikundi.

"Ndugu zangu," alisema, "katika makisio ya mwaka huu zimo nafasi mbili za kudumu. Mwanzishaji mmoja, mpiga ngoma mmoja. Mgeni akiridhika, barua zinatoka. Lakini nataka kitu cha asili kabisa, kitu ambacho hakijawahi kusikika popote. Mkinipigia zile za siku zote, mimi sina la kuwasaidia." Halafu akanigeukia mimi peke yangu. "Yupo binti mmoja wa kwaya kule Kiomboi. Ana sauti nzuri sana. Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Barua ya kudumu. Msomaji wa leo anaweza kuona ni karatasi tu. Kwangu ilikuwa ni kuugua bila kukatwa na rula. Ilikuwa ni kumleta mama mjini, katika kile chumba changu cha mtaa wa Utemini au kingine kikubwa kidogo, aache kupanda juu ya tembe lake kila masika kuziba paa la udongo linalovuja, na umri wake ule. Sikuitaka sifa. Niliitaka ile barua kwa tamaa niliyokuwa naisikia mpaka mdomoni.

Sasa lazima nieleze huo wimbo, na nitaeleza kwa kiasi, kwa sababu nimeshaeleza kupita kiasi mara moja. Ukoo wa mama na majirani zake walikuwa na wimbo wa wanawake ambao mwanamke huimbiwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku anapotolewa nje pamoja na mtoto wake wa kwanza, baada ya kukaa ndani tangu ajifungue. Mara ya pili ni siku amekufa, kabla wanaume hawajaingia kumchukua. Huimbwa ndani, mlango umefungwa, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Niliusikia nikiwa msichana, dada yangu mkubwa alipotolewa nje. Mama alinishika bega akaniambia, "Huu hauna nje." Hakuongeza neno. Hata mwanamke akikutana nao kwa bahati mbaya mahali palipo na wanaume, anafunika kichwa na kuugeuzia mgongo mpaka uishe.

Nilijua yote hayo. Mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa mtoto wa mjini nisiyejua mila. Nilijua, na kwa siku tatu niliimba tuni zote nilizobaki nazo, nikaona zote zimechakaa. Siku ya nne nikajiambia kwamba wimbo ni maneno. Nikiyatoa maneno, kinachobaki ni sauti, na sauti haina mwenyewe. Nilifurahia sana akili hiyo. Nikaandika maneno mapya kuhusu jembe na kijiji, na kiitikio chake kikawa hiki: "Jembe tumelishika, hatuliachi."

Wenzangu katika kikundi walikuwa vijana wa mjini, wengine Wanyiramba, wengine Wagogo, na wasichana wawili waliokulia misheni. Hakuna aliyeutambua. Waliupenda mara moja. Mzee wa ngoma ndiye pekee aliyeshindwa. Alisikiliza mara tatu mikono yake ikiwa imelala juu ya ngozi.

"Binti, kwenu wimbo huu mnauimba wapi?"

"Shambani, mzee. Wakati wa kupura."

"Wimbo wa kupura unakuonyesha wenyewe pa kupiga. Huu hautaki ngoma." Akainua mikono kutoka kwenye ngozi. "Huu ni wa kupura kweli?"

"Kweli, mzee."

Aliinamisha kichwa. Alikuwa na watoto wanaosoma, na ile nafasi ya pili ilikuwa yake. Ilipofika jioni alikuwa ameshaupatia mapigo, ya polepole, mazuri, na hakuniuliza tena. Mimi na yeye tulijuana kuanzia siku hiyo, na hatukupendana.

Siku yenyewe uwanja wa mpira ulijaa. Malori yalileta watu kutoka vijijini, na lori la Mtinko lilileta wanawake wapatao thelathini, mama yangu akiwamo. Hapa ndipo pananishinda kusimulia. Mimi mwenyewe nilimwomba askari wa mgambo awaketishe mbele, karibu na jukwaa la mgeni. Nilijiambia kwamba mama atasikia maneno ya jembe, atajua ni wimbo mwingine. Uongo. Nilitaka awepo nitakapoipata barua yangu.

Mzee akapiga ngoma. Nikaanzisha.

Hata mstari wa kwanza ulikuwa haujaisha. Mwanamke mmoja wa Mtinko alivuta kanga kichwani akageuka. Kisha wa pili. Halafu safu karibu nzima ikageuka pamoja, bila kelele, migongo thelathini mbele ya jukwaa la mgeni, vichwa vimefunikwa. Mama alikuwa wa mwisho. Alinitazama kwanza. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru angekuwa nayo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Halafu naye akafunika kichwa akageuka. Mimi niliendelea kuimba. Nilikuwa na miaka minne ya kufundishwa kwamba mwanzishaji hakatizi wimbo mbele ya mgeni, na sikuukatiza.

Mgeni alisimama akapiga makofi. Jukwaa lote likasimama. Aliuliza maana ya wale mama kugeuka, na Bwana Utamaduni, ambaye alikuwa anatoka jasho kwa hofu dakika moja tu kabla, akajibu papo hapo kwamba ni heshima ya asili ya wanawake wa Singida, wanaugeuzia mgongo unyonyaji. Mgeni akasema hajapata kuona kitu cha namna hiyo nchi nzima. Niliyasikia yote hayo nikiwa hatua chache tu kutoka pale. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, na mdomo ndio ulikuwa kazi yangu.

Kesho yake Landrova ya redio ilikuja ukumbini na mashine ya kurekodi. Bwana Utamaduni aliagiza wachezaji wajifunze ile ya kugeuka, kwa kuwa mgeni ameipenda. Basi wasichana wa misheni wakafundishwa kuvuta kanga kichwani na kugeuka wote pamoja, moja, mbili, tatu. Yule wa pili alikuwa anachelewa, akarudishwa mara nne. Fundi wa redio aliniambia kwamba mashine haioni migongo, lakini akacheka akasubiri. Tulipomaliza alifungua daftari lake.

"Mtunzi nani?"

"Andika wimbo wa asili," alisema Bwana Utamaduni. "Kikundi cha wilaya."

Fundi akaandika hivyo. Sikubishana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi kusikia jina langu haliandikwi nikapata nafuu.

Barua haikutoka mwezi ule. Bwana Utamaduni alisema faili liko juu. Mwezi uliofuata alisema limerudishwa kwa marekebisho. Niliendelea kufyeka na kuimba. Kisha madaraka yakapelekwa mikoani, shughuli za wilaya zikavunjwa na kupangwa upya, na ofisi zikajaa watu wageni waliokuwa wanahesabu meza. Tuliitwa siku moja kurudisha mali ya serikali. Tulikabidhi sare, njuga, na ngoma tatu, na mzee wa Kiomboi alitaka kueleza kwamba ngoma moja aliitengeneza yeye mwenyewe kwa mti wa kwao. Karani mpya akamwonyesha kwamba imeandikwa katika daftari la mali. Mzee akaiweka chini. Tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa.

Bwana Utamaduni alihamishwa mkoa mwingine. Alinipa mkono akaniambia nisikate tamaa. Binti wa Kiomboi hakuitwa, mimi sikuitwa, wala sijasikia mtu aliyeitwa.

Nilirudi kwa mama. Nilipiga hodi, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji, akaniuliza habari za njiani. Aliniwekea chakula. Kwa miezi yote niliyokaa naye hakunikaripia hata siku moja. Ila mama alikuwa mtu wa kuimba kila wakati, akisaga, akichambua mboga, akifukuza ndege shambani, na sasa nilikuwa nasikia sauti yake kwa mbali, na nikikaribia inakatika. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mama, niliyabadilisha maneno. Hakuna hata neno moja lenu nililolitamka pale."

Aliendelea kupepeta. "Maneno gani?" akasema. "Sisi tulikuwa tunayakosea kila mara. Kila mmoja ana yake."

Redio ilikuwa imeupenda wimbo. Waliuweka mwanzo wa kipindi cha wakulima, adhuhuri, kila wiki. Mjini palikuwa na duka la Mhindi mmoja, mzee mpole aliyekuwa anatukopesha chumvi na mafuta ya taa tangu marehemu baba yuko hai, na redio yake ilikaa juu ya kaunta siku zote. Tulikuwa mle ndani na mama kipindi kilipoanza. Ilikuwa sauti yangu, nyembamba, ikitoka katikati ya makopo ya majani ya chai. Mama aliweka chumvi yake chini taratibu, akafunika kichwa, akatoka.

"Vipi, mama mkubwa? Bei?" mwenye duka alimwita. Akanigeukia mimi. "Nimemkosea?"

Nikamwambia hapana, anaumwa kichwa. Mwenye duka akatikisa kichwa kwa huruma, akaongeza sauti ya redio kidogo. "Wimbo wenu huu mzuri sana," akasema.

Mwaka uliofuata niliolewa, nikajifungua mtoto wa kike. Siku ya kutolewa nje wanawake walikuja. Walileta unga na maziwa, walimbeba mtoto, walimsifu. Mlango ukafungwa. Wakakaa. Nilimsikia mtoto akinyonya na kuku wakipita nje, na hakuna aliyeanzisha. Baada ya muda mmoja akasema, "Haya, tumtoe," wakanitoa kwenye jua. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilimwambia mume wangu kwamba wanawake wale wananionea, kwamba wana wivu kwa kuwa nimesikika nchi nzima. Nilisema mengi. Mama alikuwa ameketi karibu akimfunga mjukuu wake kitambaa, na alisikia yote.

Kisha likaja agizo la watu wote kuhamia vijiji vya ujamaa. Tembe la mama lilibomolewa, akapewa kiwanja katika mstari, nyumba ya nane kutoka barabarani, na hakupata kuizoea. Mara mbili alikutwa ameingia nyumba ya saba. Mwaka wa pili wa kijiji kile akaanza kukohoa, na mwanzoni mwa kiangazi akafariki, asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Wanawake walikuja wote, hata wale waliopewa viwanja upande wa pili wa barabara. Walimwosha, wakamvisha. Nje vijana walikuwa wameshamaliza kuchimba, wakakaa chini ya ukuta kusubiri waitwe. Mlango ukafungwa. Tulikaa kumzunguka, na nikajua sasa ni wakati wake wa pili, na kwamba wimbo huu alikuwa na haki nao kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki.

Nikasubiri. Mwanamke mkubwa kuliko wote, aliyekuwa rafiki wa mama tangu usichana, alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mwanzishieni," nikasema. "Nawaomba. Mimi nitatoka kama ni mimi."

"Si wewe," akanijibu kwa Kinyaturu, kwa upole. "Tumwanzishie nini? Ule watoto wanarukia kamba. Wanaume wanaujua wote."

"Lakini yeye hakukosa."

"Hakukosa," akakubali.

Nje mmoja wa wanaume alikohoa, kutuonyesha kwamba jua linapanda. Nikaona wanawake wanavyojiandaa kuinuka, na nikafanya kitu pekee nilichowahi kulipwa kukifanya. Nikaanzisha. Niliuimba kwa maneno yenyewe, yale ya mama, yale nisiyoyaandika hapa, na sauti yangu ilitoka nzuri, nasema hivyo kwa aibu. Wale wanawake wakafunika vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakageukia ukuta. Nilimtazama mama, nikaendelea peke yangu mpaka nikafika mahali pa kuitikiwa, nikanyamaza, kwa sababu hapo mwanzishaji hana la kufanya.

Wanawake walibaki wametazama ukuta. Halafu nje, chini ya ukuta, wale vijana waliochimba kaburi wakausikia, wakadhani tunawasubiri wao, wakaitikia.

"Jembe tumelishika, hatuliachi."

Waliitikia wote, kwa heshima, kwa sauti mbili kama walivyofundishwa na redio, bila kukosea hata neno. Mlango ulipofunguliwa wamchukue mama yangu, walikuwa bado wanaitikia.